Kayaki Ziwa Victoria: upepo, radi, na namna ya kutokaa majini muda mrefu

Watu wengi wanaoanza kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kupiga kasia, huku Mwanza wanajifunzia kwenye video za nje, na sehemu kubwa ya hizo video ni za maji ya baridi kweli kweli, Uingereza, Norwe, Kanada huko, jamaa kavaa suti ya mpira mpaka shingoni. Mtu wa Capri Point akiangalia anajisemea aah hayo hayanihusu, maji yetu ya uvuguvugu, naingia na bukta yangu. Yupo sahihi kidogo tu.

Kule maji yakiwa chini ya nyuzi 15, mtu akidumbukia mwili unashtuka, anavuta pumzi kwa nguvu bila kupenda, na kama kichwa kipo chini basi kashavuta maji. Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba kule Kanada, anafundisha kanuni ya 1-10-1, yaani dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado vinakutii, na saa 1 hivi kabla baridi haijakutoa fahamu. Maji ya Ziwa Victoria huwa nyuzi 23 mpaka 27 hivi, kwa hiyo ile dakika ya kwanza hapa siyo tatizo. Ila mwili wako ni nyuzi 37, na maji yanavuta joto la mwili haraka kama mara 25 kuliko hewa. Majedwali yanayotumiwa na waokoaji yanasema kwenye maji ya nyuzi 21 mpaka 27 mtu anaishiwa nguvu baada ya masaa 3 mpaka 12. Sasa piga hesabu mwenyewe: umepinduka saa 10 jioni katikati ya Kayenze na Ukerewe, hamna anayejua upo wapi, saa 1 giza limeingia, kuna upepo, kuna mvua, unatetemeka meno yanagongana, na mpaka mitumbwi ya kwanza ipite asubuhi hayo masaa 12 yameshaisha.

Kwa hiyo huku ziwa linamaliza mtu kwa masaa, siyo kwa dakika. Kila kitu nitakachoandika hapa chini kinalenga kupunguza muda kati ya wewe kuanguka na wewe kutoka majini, basi.

Kwanza ujue upepo wetu unavyofanya kazi

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa, hewa ya juu ya nchi inapanda na upepo unatoka ziwani kuja kujaza. Unaanza kusikika saa 4 au saa 5 asubuhi na mchana ndo unakolea. Usiku inageuka, nchi inapoa haraka, ziwa linabaki na joto lake, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Na kwa vile ziwa limezungukwa na nchi pande zote, hizo pepo za usiku zinakutana katikati, hewa yenye unyevu inasukumwa juu, na hapo ndo mawingu ya radi yanapopikwa. Ndo maana mvua kubwa za ziwani ni za usiku na alfajiri, wakati mjini mtu anajua mvua ni ya jioni.

Hii ina maana mbili kwa mtu wa kayaki. Ya kwanza, asubuhi na mapema ukisimama ufukweni maji yanaonekana kioo kabisa, lakini ule upepo mdogo unatoka mgongoni kwako, nchi na mawe yamekukinga, na unavyozidi kwenda ndani ndo unavyozidi kukusukuma. Kwenda raha, kurudi unalia. Unapima hivi: kabla hujafika mbali, geuza kayaki uangalie ulikotoka, piga kasia kama dakika 5 kurudi. Ukiona huendi kitu, safari imeishia hapo hapo, usijidanganye kwamba baadae utatulia. Ya pili, alfajiri usikimbilie maji kabla hujaangalia anga la ziwani, maana mvua ya usiku inaweza kuwa haijaisha, ipo tu kule ng'ambo.

Mimi napenda kuingia kwenye saa 12 na nusu kukiwa kweupe na kuwa nchi kavu saa 4, saa 5 ikizidi sana. Miezi ya Juni mpaka Agosti, pepo za kusini mashariki zinapokuwa na nguvu, hata hiyo asubuhi unaiangalia mara mbili. Masika na vuli shida kubwa ni radi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatoa utabiri wa Ziwa Victoria wenyewe kama wenyewe, siyo ule wa mkoa tu, kuna upepo na urefu wa mawimbi. Soma huo. App ya simu iliyokuandikia "Mwanza, jua na mawingu" inaongelea mji, haiongelei maji yaliyopo kilomita 10 kutoka mjini.

Alafu nenda mwaloni, pale wavuvi wanapotua. Wavuvi wa dagaa wanarudi alfajiri na walikuwa juu ya maji usiku kucha, hamna app inayowafikia. Ila usifike na kuuliza tu kama polisi, salimia kwanza, "Shikamoo mzee, poleni na kazi, ziwa lilikuwaje usiku?" Akikwambia "leo tulia kwanza mwanangu", tulia, wala usianze kumwambia kayaki yako ni ya kisasa. Na hata asipokuwepo wa kumuuliza, mitumbwi yenyewe inaongea. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi wanapumzika, hiyo kawaida. Lakini ukikuta usiku hamna mwezi na asubuhi mitumbwi yote bado ipo mchangani mikavu, jua kuna kitu wameona.

Ukiwa majini, macho yawe juu kila baada ya muda mfupi. Wingu refu jeusi lenye kitako kilichonyooka, chini yake maji yamebadilika rangi kuwa ya kijivu iliyokolea, na kuna mstari mweupe wa povu unaosogea, huo mstari ni upepo na unakuja haraka kuliko unavyopiga kasia. Ishara ya mwisho ni hewa ya baridi ya ghafla usoni, hiyo inatoka ndani ya wingu lenyewe, ukiisikia umebakiwa na dakika chache. Mawimbi ya ziwa siyo kama ya bahari, ziwa letu ni kubwa, kilomita za mraba kama 68,800, lakini siyo la kina sana, sehemu ya kina kabisa ni mita 80 na kitu, na huku ghubani ni kifupi zaidi, kwa hiyo mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Ukianza kuona vichwa vyeupe vya povu huku na kule, kwa anayeanza hiyo ni geuza. Vikiwa kila mahali, ni geuza kwa kila mtu.

Radi haina mjadala. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawa kwa 3 unapata kilomita. Ikiwa chini ya sekunde 30 utoke majini, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Nchi kavu nako usiende kusimama chini ya mti ulio peke yake au kupanda juu ya jiwe refu eti uone vizuri, Mwanza mawe mazuri ya kupigia picha ndo hayo hayo.

Vitu vya kuvaa na kubeba

Jaketi okozi linavaliwa, halikaliwi. Naona watu wameligeuza mto wa kukalia, au wamelifunga nyuma ya kayaki "nikihitaji nitavaa", hebu jaribu kuvaa jaketi huku unaelea kwenye mawimbi uone. Angalia lebo: lile la nyutoni 50 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kukuelesha) linakusaidia kuelea kama unajua kuogelea na upo karibu na watu, la nyutoni 100 linafaa kwa asiyejua kuogelea kwenye maji tulivu, mbali na ufuko tafuta 150. Likikufaa, mtu akishika mabegani akavuta juu halipandi mpaka masikioni. Majaketi ya zamani ya rangi ya chungwa yanayozunguka huku mengine sponji yake imeshakunywa maji, kwa hiyo kabla hujalitegemea ingia nalo maji ya kifuani, kunja miguu uone kama linakubeba. Ukiona maji yanakufika puani, katupe.

Nguo, epuka pamba na jinzi. Pamba ikilowa haikauki na upepo ukiipiga unapoa hata ukiwa umeshatoka majini. Jezi ya mpira wa miguu inatosha kabisa, Simba au Yanga zote zinakauka sawa. Juu yake beba koti jepesi la mvua kwenye mfuko usioingia maji, maana mtu aliyelowa akikaa kwenye upepo saa moja anaanza kutetemeka hata Mwanza, na kutetemeka ni mwili unakwambia joto linashuka. Kofia na maji ya kunywa siongelei sana, jua letu mnalijua.

Filimbi ifungwe kwenye jaketi, siyo kwenye kayaki. Tochi ndogo ya kichwa hata kama unaondoka asubuhi. Simu kwenye pochi ya plastiki yenye kufunga, alafu iwe mwilini mwako. Na kabla ya kuondoka lowesha vidole ujaribu kupiga simu ikiwa ndani ya hiyo pochi, utashangaa, kioo kikiwa na maji kinabonyeza chenyewe au hakibonyezi kabisa. Weka namba ya mtu wako kwenye kitufe cha kupiga haraka, na namba 112 ya dharura na 114 ya Zimamoto na Uokoaji uwe unazijua kwa kichwa.

Kayaki zenyewe zipo za aina mbili. Ile ya kukalia juu yenye vitundu vya kutoa maji ndo inafaa kwa wengi wetu, ikipinduka unaigeuza inamwaga yenyewe. Kagua kizibo chake cha nyuma tu, kikilegea maji yanaingia ndani ya tumbo kimya kimya mpaka uone kayaki imekuwa nzito. Ile ya kukaa ndani inaenda kasi lakini ikijaa ni balaa, lita 200 za maji ni kilo 200, huiinui. Zile za kiwandani nzuri zina vyumba visivyoingia maji mbele na nyuma. Kama yako haina, chukua madumu ya lita 5 au 10 yenye vifuniko vinavyokaza, yakiwa matupu, yasukumie mbele na nyuma na uyafunge kamba yasichomoke. Yanachukua nafasi ambayo maji yangekaa. Na beba kopo la kuchotea limefungwa kamba.

Kurudi juu ya kayaki

Hiki ndo kitu ambacho kama hujakiweza, usitoke. Kwenye maji ya mita moja kila mtu anaweza, anakanyaga chini na kujirusha. Kajaribu pale miguu haigusi, rafiki yako akiwa karibu, siku maji yametulia, alafu tena siku yana vimawimbi.

Umeanguka. Kitu cha kwanza mkono mmoja uwe umeshika kayaki, kabla hata ya kufuta maji usoni, maana kwenye upepo kayaki tupu inakimbia kuliko unavyoogelea. Cha pili kasia, bora liwe limefungwa kamba. Kama kayaki imelala kifudifudi, nenda katikati ya ubavu, pitisha mikono juu ya tumbo lake ushike ukingo wa upande wa pili au vile vitundu, weka magoti kwenye ukingo wa kwako, egemea nyuma kwa uzito wote, inageuka. Sasa kaa ubavuni tena usawa wa kiti. Watu wengi hapa wanakosea, wanataka kujivuta kwa mikono kama wanapanda ukuta, miguu inaingia chini ya kayaki na wanaishia kuivuta iwaangukie. Fanya hivi, lala kwanza juu ya maji, kifua chini, nyoosha miguu nyuma yako, piga mateke mpaka mwili wote uwe usawa wa maji, na hapo ndo ujisukume mbele kwa mkupuo mmoja, kitovu kitue juu ya kiti. Umelala kama samaki aliyetupwa kwenye mtumbwi, sawa, kaa hivyo hivyo upumue. Alafu jigeuze taratibu makalio yaingie kwenye kiti, miguu bado ipo nje pande zote mbili inakusaidia usiyumbe, mwisho ingiza mguu mmoja mmoja. Kichwa kiwe chini muda wote, ukikiinua haraka unarudi majini.

Mkiwa wawili ni rahisi, mwenzako anasogeza kayaki yake ubavu kwa ubavu na yako, anailalia na kuikumbatia isitikisike, wewe unapanda upande wa nje. Kwa ya kukaa ndani, yeye kwanza anavuta pua ya kayaki yako juu ya yake ikiwa imepinduliwa, maji yanamwagika, ndo mnaigeuza.

Ukijaribu mara tatu nne umeshindwa, acha. Nguvu zinazobaki ni za kuelea na kupiga filimbi. Na usiiache kayaki ukaogelee nchi kavu hata kama unaona nyumba za Igombe kabisa, ufuko unaonekana karibu siku zote, na mtu aliyeshika kitu cha rangi kinachoonekana anapatikana haraka kuliko kichwa kimoja kwenye mawimbi. Nusu ya mwili ukiweza kuiweka juu ya kayaki, iweke, kila sehemu iliyotoka majini inapoa taratibu zaidi. Huwezi, basi kunja magoti kifuani, mikono ibane mbavu, ubaki umejikunja na jaketi likubebe. Mkiwa wengi kumbatianeni, watoto katikati.

Ukikutwa juu ya kayaki na mawimbi

Usiache kupiga kasia. Kayaki iliyosimama ndo inapinduka, kasia likiwa majini ni mguu wa tatu. Mapigo mafupi, ya haraka kidogo, kiuno kilegee kiende na wimbi, mtu aliyekakamaa anaanguka na kayaki yake. Pua iangalie wimbi, siyo moja kwa moja, ikae mshazari kidogo. Ubavu usiupe wimbi. Mawimbi yakitoka nyuma yanakusukuma unaona raha alafu ghafla kayaki inageuka yenyewe ubavu, hapo egemea upande wa wimbi na laza kasia bapa juu ya maji upande huo huo. Najua akili inakataa, akili inataka kukimbia wimbi, ukilikimbia umepinduka.

Na usilazimishe kurudi ulikoanzia. Gari utalifuata baadae kwa bodaboda. Tafuta kisiwa au rasi, pita upande ambao upepo haufiki, subiri hata kama ni masaa mawili. Unapotua angalia unatua wapi, mwambao wa Mwanza ni mawe, mengine yamejificha sentimita chache chini ya maji, na wimbi dogo tu linatosha kukupigiza. Tafuta mchanga. Ukiwa unaogelea na kayaki karibu na mawe, isiwe wewe upo katikati ya kayaki na jiwe.

Vivuko vya Kamanga na meli za Nansio usivikatize mbele, nahodha hakuoni, wewe upo usawa wa maji na yeye yupo ghorofani. Nyavu na mafundo ya magugu maji zunguka. Kwenye matete na midomo ya mito, viboko wapo, na upande wa Sengerema na Buchosa habari za mamba siyo ngeni, kaa mbali na matete, na ukiona kiboko usikae katikati yake na maji ya kina, mwachie njia.

Kabla hujaondoka mtu mmoja nchi kavu ajue unaenda wapi, mpo wangapi, kayaki rangi gani, na saa ngapi akae na wasiwasi. Hiyo saa ya wasiwasi ndo muhimu kuliko zote, siyo "nitarudi mchana", sema "saa 5 na nusu kama sijapiga simu, nenda mwaloni ukatafute boti yenye injini". Na ukifika piga kweli, usije ukawa unakula sato huku watu wanachoma petroli kukutafuta.

Mtu akitolewa majini

Anatetemeka lakini anaongea: mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike kitenge, blanketi, turubai, chochote kikavu, akiweza kumeza mpe chai yenye sukari nyingi au uji. Usimpe gongo wala pombe yoyote, pombe inatoa damu yenye joto ndani kuileta juu ya ngozi na joto linapotea. Usimsugue mikono na miguu, usimweke karibu na moto mkali. Ambaye ameacha kutetemeka, anaongea ovyo au analala lala huyo ndo yupo pabaya zaidi, mlaze, mbebe taratibu asitembee, hospitali.

Asiyepumua, acheni ile ya kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo maji yatoke, inapoteza muda na inamtapisha, matapishi yanaingia kwenye mapafu. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni uone kifua kinapanda, alafu kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, 30, 2, bila kuchoka mpaka apumue au msaada ufike. Aliyezama akazinduka na anakohoa au kifua kinambana lazima apelekwe hospitali, Sekou Toure au Bugando, siku hiyo hiyo hata akisema yupo fresh, mapafu yanaweza kuharibika masaa kadhaa baadae.

La mwisho ni kichocho. Vidudu vyake vinaingia kupitia ngozi, hasa kwenye maji ya kina kifupi penye majani na konokono, kwa hiyo ingia na kutokea penye mchanga msafi, ukitoka jifute na taulo kavu palepale usisubiri ukauke na jua. Kama unaingia ziwani mara kwa mara kapime, na kama ni mara moja subiri wiki 6 mpaka 8 ndo upime, maana mapema kipimo hakioni kitu na dawa ya prazikwanteli inaua wakubwa, wale wachanga inawaacha.